Zimwi limeingia sinema, hofu imebaki mlangoni



Bila shaka umewahi kuketi barazani usiku, umeme umekatika mtaa mzima, na mmoja wa waliokuwapo akaanza kusimulia kisa cha kutisha. Kisa chenyewe hakikumpata yeye. Alikisikia kwa shemeji yake, naye shemeji alikisikia kwa dereva wa lori aliyepita njia ile usiku wa manane. Hakuna aliyedai ushahidi. Sauti ilikuwa ya chini, taa ya chemli iliyumba kwa upepo, na kisa kilipokwisha hakikuwa na mwisho: mtu yule hakuonekana tena, basi. Wakubwa walicheka kidogo, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka kwenda uani peke yake.

Sasa kichukue kisa hicho hicho ukampe mfanyabiashara wa sinema. Atakirefusha kifike dakika tisini, atatia waigizaji wenye nyuso nzuri, atapiga mlio wa kushtua kila baada ya dakika tano, na mwishoni atamleta mzimu mbele ya kamera umwone kuanzia utosini hadi ukuchani. Je, utaogopa kama ulivyoogopa barazani? Jibu unalo.

Nimeanza na mfano huo kwa sababu leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo limeingia majumbani mwetu bila kubisha hodi. Kwa muda wa miaka ishirini hivi, vijana wa Marekani na wa nchi nyingine wamekuwa na baraza lao la usiku, nalo ni mtandao wa intaneti. Huko huandikiana visa vya mizimu, kila anayekisoma humpelekea mwenziwe, na kila anayekipokea hutia chumvi yake. Visa vingine vimeenea kama moto wa nyika wakati wa kiangazi. Makampuni ya sinema, yalipoona moto huo, yalikuja mbio na sufuria zao kupikia. Yaliyopikwa, mara nyingi, yametoka mabichi.

Watoto wetu huziona filamu hizo katika simu za mkononi, katika televisheni na katika vibanda vya video. Wazazi wengi huzipuuza kwa kuwa ni upuuzi wa watoto. Mimi naona yafaa tuzitazame kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna funzo kuhusu hadithi, kuhusu fedha, na kuhusu watoto wenyewe. Mfano wangu mkubwa utakuwa ni zimwi liitwalo Slender Man, yaani Mtu Mwembamba.

ZIMWI LILILOZALIWA NA MASHINDANO

Mizimu mingi haina tarehe ya kuzaliwa. Huyu anayo. Tarehe 10 Juni, 2009, Mmarekani aitwaye Eric Knudsen, akitumia jina la bandia la Victor Surge, aliweka picha mbili katika ukumbi wa mazungumzo wa mtandaoni uitwao Something Awful. Washiriki wa ukumbi huo walikuwa wameanzisha mchezo wa kushindana: chukua picha ya kawaida, uichezee kwa kompyuta hata ionekane kuwa ni ushahidi wa mambo ya mizimu.

Picha za Knudsen zilikuwa nyeupe na nyeusi, za watoto. Nyuma yao, mbali kidogo, alisimama mtu mrefu mno na mwembamba, amevaa suti nyeusi, na pale palipostahili kuwa na uso hapakuwa na kitu. Chini ya picha aliandika maneno machache mfano wa maelezo ya kumbukumbu za zamani, akitaja miaka ya 1983 na 1986, kana kwamba mpiga picha alipotea na watoto nao wakapotea. Hakueleza zimwi hilo limetoka wapi wala linataka nini. Aliacha pengo, na pengo hilo ndilo lililowavuta watu.

Kabla mwezi huo haujaisha, vijana wa jimbo la Alabama walianza kuonyesha katika YouTube mfululizo wa picha za video ulioitwa Marble Hornets. Walitumia kamera ya mkononi na fedha kidogo, wakaendelea hadi mwaka 2014. Zimwi lilionekana kwa nadra, pembeni, nyuma ya mti au nje ya dirisha, na kila lilipokaribia picha ilichafuka na sauti ikaharibika. Mwaka 2012 ukatoka mchezo wa kompyuta ambamo mchezaji hutembea peke yake msituni usiku, akitafuta karatasi nane, huku akijua kwamba yuko anayemfuata. Wengine waliandika hadithi, wengine walichora, wengine walitunga ushuhuda wa uongo.

Utaona, msomaji, kwamba hadithi hii ilijengwa kwa ujima. Mmoja alileta mti, mwingine makuti, mwingine udongo. Wengi wao hawakulipwa hata senti. Kila mjenzi alijua kuwa ni mchezo, lakini aliuheshimu mchezo kwa kunyamaza, asiseme kuwa ni uongo. Ukimya huo ndio uliokuwa nguvu ya zimwi. Ndio pia uliokuwa hatari yake, maana msomaji mdogo asiyejua kanuni za mchezo hakuwa na mtu wa kumwambia.

LISEMWALO LIPO

Wahenga walinena: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tarehe 31 Mei, 2014, katika mji wa Waukesha, jimbo la Wisconsin, wasichana wawili wenye umri wa miaka 12 walimchukua rafiki yao wa umri huo huo wakaingia naye katika kijisitu, wakamchoma kisu mara 19. Kwa rehema ya Mungu yule mtoto alijikokota hadi njiani, mwendesha baiskeli mmoja akamkuta, naye akapona.

Wale wawili walikamatwa baada ya saa chache wakitembea kando ya barabara kuu. Walieleza kuwa walifanya hivyo kwa ajili ya Mtu Mwembamba. Waliamini kwamba wakiua watakubaliwa kuwa watumishi wake, na kwamba anaishi katika jumba kubwa ndani ya msitu wa taifa wa Nicolet, kaskazini ya jimbo hilo. Waliamini pia kwamba wasipomtii jamaa zao watadhurika. Mahakama iliridhika kwamba walikuwa wagonjwa wa akili. Mmoja aliwekwa chini ya uangalizi wa hospitali ya akili kwa muda wa miaka 25, mwenziwe kwa miaka 40. Wa kwanza aliruhusiwa kutoka chini ya masharti mwaka 2021. Knudsen mwenyewe, mtunzi wa zile picha mbili, alitoa taarifa ya kuhuzunika na kuzipa pole familia.

Sitaki nikuongopee, msomaji, kwamba hadithi peke yake iliwatuma watoto wale. Ugonjwa ulikuwapo. Lakini watoto wawili waliishi na imani hiyo kwa miezi, wakaizungumza wao kwa wao, wakapanga, wakafungasha mizigo yao, na hakuna mtu mzima aliyeyasikia mazungumzo yale kwa masikio ya kuelewa. Hilo ndilo jambo la kutisha katika habari nzima. Kulinganisha nalo, ule uso mtupu na suti nyeusi ni mchezo tu.

FILAMU ILIYOKUJA BAADAYE

Kampuni ya Screen Gems, iliyo chini ya Sony, iliamua kutengeneza filamu. Tangazo lake lilipotolewa mwanzoni mwa mwaka 2018, baba wa mmoja wa wasichana wale waliohukumiwa alilalamika hadharani kwamba msiba wa watu unafanywa biashara. Filamu ilitoka tarehe 10 Agosti, 2018, ikiongozwa na Sylvain White. Kampuni moja ya majumba ya sinema ya huko Wisconsin ilikataa kuionyesha katika wilaya za Milwaukee na Waukesha, kwa heshima ya waliopatwa.

Hadithi ya filamu ni hii. Wasichana wanne wa shule, katika mji mdogo wa jimbo la Massachusetts, wanatazama video ya kumwita Mtu Mwembamba. Baada ya siku chache mmoja wao anatoweka akiwa katika ziara ya shule makaburini. Waliobaki wanajaribu kumrudisha kwa kufuata maagizo waliyoyapata mtandaoni, na mmoja baada ya mwingine wanaangamia au kurukwa na akili. Mwishoni zimwi linajitokeza waziwazi, limeigizwa na Javier Botet, Mhispania mrefu mwenye viungo vyembamba ambaye kazi yake hiyo anaiweza sana. Mikono yake inageuka matawi, msichana wa mwisho anamezwa na mti, na taa za ukumbi zinawaka.

Wahakiki karibu wote waliiponda. Watazamaji waliohojiwa walipokuwa wakitoka ukumbini usiku wa kwanza waliipa alama ya D na kasoro, ambayo katika vipimo vya huko ni aibu. Aidha watu waliona kwamba baadhi ya matukio yaliyotangazwa mbele hayakuwamo katika filamu yenyewe. Makasi yalikuwa yamepita. Mhusika mmoja anapofushwa au kurukwa na akili, kisha hadithi inamsahau kana kwamba hakuwahi kuwapo. Hata hivyo filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 50 duniani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na hiki kilitembezwa kwa jina ambalo watoto wa bure walikuwa wamekwisha kulijenga.

KWA NINI HAITISHI?

Nimeitazama filamu hiyo mara mbili ili nisiionee. Naona iliharibiwa na mambo matatu.

La kwanza ni kumweka zimwi hadharani. Kilichoogopwa katika zile picha mbili za mwaka 2009 ni kwamba ulilazimika kumtafuta. Unaitazama picha ya watoto wanaocheza, unafurahi, kisha jicho lako mwenyewe linamgundua nyuma yao. Umemgundua wewe, kwa hiyo hofu ni yako. Filamu inakutafutia, inakuonyesha, inakupigia na mlio wa kukuamsha. Wahenga walituambia kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Katika sinema hizi mambo yamegeuka: ni sisi tunaolijua zimwi, urefu wake, viungo vyake na saa ya kutokea kwake. Zimwi linalojulikana hivyo haliwezi kumla mtu hata kidogo.

La pili ni kupotea kwa msimulizi. Kisa cha mtandaoni, kama cha barazani, huja kwa mdomo wa mtu: mimi niliyeandika haya nilikuwapo, au ndugu yangu alikuwapo. Huna hakika kama anasema kweli, nawe unabaki katikati ya kuamini na kukataa. Katikati hapo ndipo kitisho kinapokaa. Ukishanunua tikiti, ukaketi katika kiti cha sponji na kuona jina la kampuni likimetameta, umekwisha kuambiwa kwamba yote ni uongo uliogharimiwa. Mtengenezaji asipojua jinsi ya kuirudisha shaka, hana kitu cha kuuza.

La tatu, nalo ndilo zito kuliko yote, ni woga wa watengenezaji wenyewe. Walikuwa na habari ya kweli mbele yao: watoto, upweke, imani ya siri, na wazazi wasiosikia. Hawakuthubutu kuigusa kwa heshima, wala hawakuwa tayari kuiacha kabisa, maana jina lake lilikuwa likiuza. Basi wakachukua wasichana, wakachukua msitu, wakachukua video na maagizo ya mtandaoni, wakaacha maana. Filamu ilipewa daraja linalowaruhusu vijana wa miaka 13 kuingia, yaani umri uliozidi ule wa watoto wa Waukesha kwa mwaka mmoja tu. Mtu aliyeamua kuzungumza na vijana wa umri huo juu ya jambo hilo alipaswa kuwa na neno la kuwaambia. Hawa hawakuwa nalo.

Hilo ndilo shtaka langu, ndugu msomaji. Filamu mbaya ni jambo la kawaida, na mtu akipoteza nauli na tikiti yake hafi. Lakini kuchota katika kisima cha msiba, kisha kuwauzia watu maji yasiyokata kiu, ni utovu wa adabu.

YULE MTOTO MWENYE MASWALI MAWILI

Usidhani ni zimwi moja tu lililopatwa na mkasa huo. Mwaka 2015 hata ule mfululizo wa Marble Hornets ulifanyiwa filamu yake, nayo haikupokewa vizuri. Mfano mwingine ni wa karibuni zaidi. Mwezi Agosti 2017 mchoraji Adam Ellis, aliyekuwa akiishi New York, alianza kuandika katika Twitter kwamba anatokewa na mtoto aliyekufa, mwenye kichwa kilichobonyea upande. Katika ndoto msichana mmoja alimweleza kuwa mtoto huyo anaitwa Dear David, kwamba unaruhusiwa kumwuliza maswali mawili, na kwamba ukiuliza la tatu atakuua. Ellis, ndotoni, akauliza la tatu.

Kuanzia hapo aliandika kidogo kidogo, siku kwa siku, kwa miezi. Leo paka wake wamekusanyika mlangoni saa sita ya usiku wakiutazama. Kesho kiti cha kubembea kimetikisika. Keshokutwa ameweka picha ya giza, na watu wanaikuza na kuing'arisha wapate kuona kama kuna sura. Wasomaji walikuwa wengi mno, nao walikuwa wakingoja pamoja naye. Siku asipoandika, waliulizana kama yu hai.

Filamu ya Dear David ilitoka mwezi Oktoba 2023, ikiongozwa na John McPhail. Kile kilichokuwa kimewashika watu kwa miezi kilibanwa katika saa moja na nusu. Kungoja kukaondoka, na pamoja na kungoja hofu nayo ikaondoka. Aidha watengenezaji walitia chanzo na sababu: mateso ya bwana huyo yanaanza mara tu baada ya yeye kujibizana na mtu mkorofi wa mtandaoni. Hivyo mtoto yule wa ajabu, ambaye hakuna aliyejua anataka nini, akapewa kazi ya ualimu wa nidhamu ya intaneti. Ni funzo jema hilo. Lakini mzimu ukianza kutoa mafunzo, hata mtoto wa darasa la pili hulala usingizi.

WALIOWEZA

Haki itendeke: wako walioweza. Mwaka 1999 ilitoka filamu iitwayo The Blair Witch Project, ya vijana watatu wanaopotea msituni wakitafuta habari za mchawi. Iligharimu fedha chache sana, ikaingiza karibu dola milioni 248. Kabla haijaonyeshwa, watengenezaji walitumia intaneti kueneza habari kwamba vijana wale walipotea kweli. Mtazamaji aliingia ukumbini akiwa na shaka yake mkononi. Na huyo mchawi? Haonekani hata mara moja, mwanzo hadi mwisho.

Mwaka mmoja kabla, yaani 1998, Mjapani Hideo Nakata aliongoza filamu ya Ringu, iliyotokana na riwaya ya Koji Suzuki ya mwaka 1991. Humo mna kanda ya video. Anayeitazama hufa baada ya siku saba. Njia ya kuokoka ni kuinakili na kumwonyesha mwingine. Huo ndio mwendo wa uvumi wenyewe: hauupumziki mpaka umempa mwenzako. Nakata alielewa hilo, na mzimu wake hutoka waziwazi karibu na mwisho tu, nywele zimefunika uso, limebaki jicho moja.

Hata katika hadithi zilizozaliwa mtandaoni uko mfano mzuri. Mwaka 2009 Kris Straub alitunga kisa kiitwacho Candle Cove, kwa namna ya watu wazima wanaokumbushana kipindi cha watoto cha televisheni walichokiona utotoni. Mmoja wao anamwuliza mama yake juu ya kipindi hicho, naye mama anamjibu kuwa hakikuwapo. Mtoto alikuwa akiketi nusu saa nzima akitazama chenga za televisheni. Mwaka 2016 kituo cha Syfy kilikitengeneza kisa hicho kuwa mchezo wa televisheni wa sehemu sita, chini ya Nick Antosca. Hakuongeza makelele. Alishika lile lililokuwa likiuma ndani ya kisa, yaani kwamba watoto wanaona jambo ambalo wakubwa hawalioni, akalifuata taratibu hadi mwisho. Ndiyo sababu watu walimsifu.

Kwa hiyo kasoro si ya intaneti, wala si ya kuhamisha kisa kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Kasoro ni ya kununua jina bila kuuliza kwa nini jina hilo lilitisha.

NA SISI JE?

Pengine utasema kuwa hayo ni ya Marekani. Kumbuka mwaka 1995, Pemba na Unguja, habari za Popobawa. Hapakuwa na simu za picha wakati ule, lakini uvumi ulivuka maji haraka kuliko jahazi. Familia nzima nzima zililala nje, zimezunguka moto, zikikesha. Ilisemekana pia kwamba aliyetokewa alipaswa kuwaeleza wengine, akinyamaza angerudiwa. Ona jinsi uvumi ulivyojiwekea sheria ya kujieneza, sawasawa na ile kanda ya Nakata. Na katika hofu ile, mjini Unguja, kundi la watu lilimwua mtu mgonjwa wa akili asiye na hatia, likidhani ndiye.

Basi tusiwacheke watu wa Waukesha. Kisa kinachosimuliwa vizuri kina mikono, hata kama zimwi lake halina uso. Anayekishika kwa ajili ya fedha au kwa ajili ya mchezo inampasa akishike kama mtu ashikavyo kisu: akijua upande upi ni mpini.

Nini basi kazi ya mzazi? Wazazi wengi wakisikia habari kama hizi hukimbilia kupiga marufuku. Simu hunyang'anywa, televisheni huzimwa, na mtoto huenda kuangalia kwa jirani. Mimi nashauri jambo jingine. Keti na mtoto. Mwulize ni zimwi gani linalozungumzwa shuleni siku hizi, nani alimsimulia, na yeye mwenyewe anaonaje. Msikilize hadi amalize, usicheke. Kisha mpe kile ambacho watoto wale wawili wa Wisconsin walikikosa: tarehe na jina. Mwambie kwamba Mtu Mwembamba alizaliwa tarehe 10 Juni, 2009, katika mashindano ya picha, na kwamba aliyemzaa ni kijana aliyekaa mbele ya kompyuta, anayekula na kulala kama wewe. Zimwi lenye cheti cha kuzaliwa halina nguvu tena.

Kisha, ukipenda, mtazame naye filamu hiyo. Hapo ndipo itakapopata manufaa yake ya pekee, maana itamaliza kazi ya kulivua zimwi nguo. Watengenezaji wake waliiua hofu bila kukusudia, wakatutoza na kiingilio. Wewe iue kwa kusudi, bure, nyumbani kwako.

Na hamu ya kutishwa ikiwa ingalipo, maana ni hamu ya kibinadamu wala si dhambi, ngoja usiku umeme ukatike. Waite wote sebuleni, washa mshumaa mmoja, anza na paukwa, nao wakuitikie pakawa. Simulia kwa sauti ya chini. Usieleze zimwi lilikuwa na sura gani. Ukimaliza, wewe uwe wa kwanza kuinuka umsindikize mdogo kuliko wote hadi kitandani, ukae naye mpaka asinzie. Sinema hazina mtu wa kufanya hivyo.

Nakutakia Jumapili njema, wewe na wote wa nyumbani kwako. Tukutane juma lijalo panapo majaliwa.